Mshahara Mkubwa wa Mwili

Leo asubuhi, mbele ya mkuu wa idara na wageni wa wizarani, skrini iliandika kwa herufi nyeupe: "Damu safi hutoka moyoni kupitia mishahara." Mhadhiri ndani ya video alikuwa amesema mishipa, tena kwa sauti ya kumwamsha aliyelala. Ukumbi kimya. Kisha ikaja: "Mshahara ukiziba, mtu hupooza upande mmoja." Wahadhiri wa muda, ambao malipo yao hayajaonekana tangu muhula uliopita, wakapiga makofi. Wanafunzi viziwi, waliopangwa safu ya mbele ili wageni wawaone, wakamgeukia mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani akanigeukia mimi.

Faili la maandishi ya video nililokesha nikilisahihisha lilikuwa kwenye flashi, mezani kwa fundi. Yeye alipakia lile la mashine ya kunukuu sauti.

Mashine hiyo haisikii kama wewe na mimi. Huikata sauti vipande vidogo kuliko kupepesa jicho, ikakisia silabi, kisha ikapima ni neno gani watu hupenda kuliweka hapo. Na kwa Kiswahili ilicholishwa, nadhani mishahara imelalamikiwa mara nyingi kuliko mishipa ilivyofundishwa. Kazi yangu huanzia hapo. Kila kipande cha maneno hupewa namba, muda wa kuanza, mshale, na muda wa kuisha, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Sehemu hizo za elfu hutanguliwa na mkato, si nukta, kwa kuwa programu iliyoanzisha mtindo huo, SubRip, iliandikwa Ufaransa, na Wafaransa ndivyo waandikavyo desimali. Ukiweka nukta, baadhi ya programu za kuchezea video hugoma. Mistari isizidi miwili, jicho lipate nafasi ya kurudi kwenye mchoro wa moyo. Tena si maneno tu: mhadhiri akinyamaza kwa sababu ya hodi, naandika [mlango unagongwa], la sivyo kiziwi atadhani video imekwama.

Mkuu wa idara ameagiza maandishi yaondolewe "hadi yatakapokuwa salama." Video zibaki. Anayesikia aendelee kusoma, kiziwi atazame midomo ikichezacheza. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010. Maikrofoni ya kubana kwenye kola, tuliyoiomba ili mashine isikie vizuri, bado inatafutiwa fungu.

Somo la figo, "vigogo wawili huchuja uchafu wote," nililiwahi. La ini lilitoka safi, sijui kwa nini.

Jioni mwanafunzi mmoja kiziwi amenitumia ujumbe: maandishi ya somo la moyo yatarudi lini? Nimelipeleka swali ofisini. Wamejibu upesi, jambo la nadra: baada ya mtihani.