YAH: Maombi ya Nauli ya Kwenda Tukuyu kwa Ajili ya Mtu Aliyepona

Kwa Mheshimiwa Mtunza Fungu la Safari,
Popote ulipo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika wodi ya magonjwa ya akili ya hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Nakuandikia hadharani kwa kuwa madokezo yangu matatu yako mezani kwako, na nasikia yamekwishazoeana.

Kwanza pongezi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 tunayo. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ipo tangu mwaka 1927. Kilichosalia ni nauli ya basi moja na bodaboda moja.

Mgonjwa wangu, ambaye nitamwita Mzee wa Dirishani, aliruhusiwa na daktari miezi mitatu iliyopita. Analala vizuri, anakula, na wiki jana alinisahihisha tarehe niliyoandika kwenye faili lake. Kila Jumatatu huamka mapema, akavaa viatu, akakunja blanketi, akakaa kitandani na mfuko wake mapajani. Saa nne anavivua. Nesi mgeni aliandika: "Anahangaika bila sababu."

Naelewa hesabu yako, Mheshimiwa. Nauli ingetoka kwenye fungu lako, na uji, ugali na maharage ya miezi mitatu vinatoka kwenye fungu la mwenzako. Kwa hiyo umeokoa. Mwenzangu wa Mirembe akitakiwa kumrudisha mtu Rungwe, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 600. Sijui huko ungeokoa kiasi gani.

Mwezi uliopita nilijilipia. (Usishtuke, sidai nirudishiwe.) Tukuyu ilinipokea kwa mvua yake, bodaboda ikanitupa kwenye tope mara moja tu, nikafika kwa kaka mtu chini ya Mlima Rungwe nikiwa na rangi ya barabara. Nilikaribishwa kwa heshima zote, nikawekewa ndizi na maziwa ya mgando.

"Ndaga fijo, dada yetu, kwa kumtunza mdogo wangu. Apumzike tu huko mpaka apone."

"Amepona, kaka."

"Apone kabisa."

Nikatoa simu nikaipiga ile namba aliyoiacha siku ya kumlaza mdogo wake, ambayo kwa miezi yote hiyo haikuwahi kupokelewa. Ikaita mfukoni mwake. Tukasikiliza wote wimbo mzima.

Nyuma ya nyumba, pale Mzee aliponisimulia kwamba ana migomba yake hadi kwenye kijito, nilikuta parachichi za Hass zimepangwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Nikauliza shamba ni la nani. "La familia," kaka akajibu. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa amenisindikiza, akapatwa na kikohozi.

Sauti alizokuwa akizisikia Mzee zina sindano yake ya kila mwezi. Kaka hana sindano. Dawa yake ni mimi, mtendaji wa kijiji, wazee wa ukoo na vikao visivyopungua vitatu kwenye benchi moja, halafu safari nyingine ya kumkabidhi Mzee kwa kliniki ya karibu ili sindano isikatike. Bila hivyo, hata ukinipa nauli kesho, nitakuwa nimempeleka mtu mzima akalale chini ya miparachichi ya watu, na baada ya miezi michache ataletwa tena kwetu akiwa amefungwa kamba, na kwenye faili tutaandika "ugonjwa umemrudia".

Naomba masurufu ya safari nne. Ukiona ni nyingi, anza na vocha ya simu. Sasa hivi natumia yangu, na kaka ameshaijua namba yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa Ustawi wa Jamii

Nakala:
Mzee wa Dirishani, kitandani. Jumatatu hii usivae viatu mapema.
Kaka mtu, Rungwe. Amesema atasaini kumpokea mdogo wake baada ya mavuno.