Namna ya Kumpokea Mnyama wa Porini Aliyekuja Ndotoni

Simba hapigi hodi. Umelala zako, neti umeichomeka vizuri, mlango una komeo na kufuli, naye anaingia tu na kusimama miguuni pa kitanda akikutazama. Kukicha, nyumba nzima ina habari na kila mtu ana tafsiri. Shangazi anasema ni cheo hicho, kinakuja. Jirani anasema ni adui. Kijana wa bodaboda anauliza wewe ni Simba au Yanga.

Mwongozo huu ni wako. Msingi wake ni mmoja: mnyama wa ndotoni ni mgeni wa aliyemwota. Amekuja kwako, kwa mambo yako. Mpokee kwa adabu, muulize atokako, na usimruhusu akugombanishe na watu.

Hatua ya kwanza: funga mdomo kwanza

Ndoto ikiwa bado ya moto, ulimi huwa mwepesi. Mafundisho ya Kiislamu yanazigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mungu, vitisho vya shetani, na yale mtu aliyokuwa akiyawaza mwenyewe. Aliyeota la kutisha anaelekezwa amwombe Mungu kinga, ateme kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageuke ubavu na asimhadithie mtu. Ndoto njema amweleze anayempenda tu.

Kisa cha Yusufu kinaonyesha sababu. Katika Kurani, baba yake alimwonya asiwasimulie ndugu zake alichokiota. Katika Biblia aliwasimulia, wakazidi kumchukia, na mwisho wake akauzwa Misri. Kwa hiyo kabla hujaandika kwenye kundi la ukoo kwamba umeota chui ana sura ya shemeji, kunywa chai kwanza.

Hatua ya pili: kagua mizigo yake

Mgeni haji mikono mitupu. Tazama amebeba nini kutoka katika siku zako zilizopita.

Ila kwanza ujue saa za kufika kwake. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Hurudi takriban kila dakika 90 na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, na humo ndimo ndoto nyingi zilizo wazi huzaliwa. Ndiyo maana wanyama wengi hufika jogoo akikaribia kuwika, ukazinduka ungali unawaona.

Sasa mizigo yenyewe. Anza na dawa. Mefloquine, inayotumika dhidi ya malaria, na efavirenz, iliyomezwa na mamilioni ya watu wenye VVU, zote zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Kama unameza mojawapo na kila usiku unakimbizwa na nyati, mweleze daktari au muuguzi wako. Usiache dawa kwa sababu ya nyati.

Kisha tazama ulichokiona na kukisikia. Mgonjwa mmoja wa Sigmund Freud, Mrusi, alisimulia ndoto ya utotoni: dirisha lilifunguka lenyewe, na juu ya mti nje wamekaa mbwa mwitu weupe wanamtazama. Freud alichapisha kisa hicho mwaka 1918 na kukifumbua kwa kurasa nyingi. Lakini mgonjwa mwenyewe alikumbuka kwamba dada yake alikuwa akimtisha kwa picha ya mbwa mwitu kitabuni. Mizigo ilikuwa wazi. Na wewe, ukiota simba usiku wa kuamkia mechi ya Yanga na Simba, huhitaji mfasiri. Unahitaji matokeo.

Hatua ya tatu: aliyekukalia kifuani

Kuna mgeni asiyesimama miguuni. Hupanda kifuani, nawe unamwona, unamsikia, ila huwezi kuinua hata kidole. Huyo ni jinamizi. Mtu akiota, mwili hulegezwa misuli ili asiinuke na kuitenda ndoto yake. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa, na ndoto humalizikia chumbani macho yakiwa wazi.

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilizuka Pemba na kuvuka hadi Unguja. Familia zilitoka nje na kulala pamoja, zikiota moto hadi asubuhi. Waliosimulia hawakuwa waongo. Uzito ule kifuani ni wa kweli kabisa kwa aliyeupata. Ukikujia, usishindane nao kwa mwili mzima. Chezesha kidole cha mguu, tuliza pumzi, utaachiwa. Na lala ubavu, kwa kuwa jinamizi humpenda zaidi anayelala chali.

Hatua ya nne: tazama umelala wapi

Vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa nje ya misikiti mingi ya pwani huwa na jina la Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, ingawa vilikusanywa muda mrefu baada yake. Humo simba ni mtawala mwenye nguvu, na nyoka ni adui. Watu hukariri orodha hiyo wakasahau busara ya mwenye jina. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda Hija, wa pili akamwambia atakamatwa kwa wizi. Ndoto ni ile ile, waotaji ni mbalimbali. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9, naye alisisitiza kwamba mfasiri ajue kwanza kazi ya mtu, hali yake na desturi za kwao.

Basi chukua mkulima wa Rufiji. Mpunga umekaribia kuvunwa na nguruwe pori wanashuka kila usiku. Amejenga dungu: miti minne, jukwaa la fito, paa la makuti, ukuta wa turubai upande wa upepo. Chini kuna kijinga cha moto, na pembeni yake debe la kupiga nguruwe wakija. Halali, anasinzia tu. Nguruwe wanafuatwa na simba, na simba akimkosa nguruwe anamkuta mtu juu ya dungu. Mwaka 2005, Craig Packer na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Nguruwe pori na kulala shambani vilikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Mkulima huyo akiota simba, usimletee habari za cheo. Simba wake ni simba. Tafsiri sahihi ni ukuta imara, wenzake wa kupokezana zamu, na askari wa wanyamapori anayefika akiitwa. Simba huyo huyo akimjia karani wa ofisi ambaye kila akisikia viatu vya bosi koridoni moyo unamlipuka, hapo kitabu chenye jina la Ibn Sirin kina la kumwambia.

Hatua ya tano: kwa mfasiri, hesabu maswali

Ukishindwa kujizuia na kufuata tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, nenda na masikio mawili. Mazungumzo huwa hivi:

“Mwanangu, huyo fisi alikuwa anakutazama?”

“Ndiyo, babu.”

“Jirani hapo kwenu yupo mama mtu mzima, anaishi peke yake?”

“Yupo.”

“Mliwahi kukwaruzana?”

“Mwaka juzi, kuku wake waliingia kwangu.”

“Basi.”

Hesabu vizuri. Jirani, upweke wake na kuku wake vyote vimetoka kinywani mwako au vingepatikana katika mtaa wowote. Babu hakumwona fisi. Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na imeua. Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi, na ushahidi ukawa macho yao mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli.

Kwa hiyo shika kanuni hii kuliko nyingine zote: ukiulizwa jirani yako ni nani, simama, chukua viatu vyako, ondoka. Fisi uliyemwota ni wako. Mpeleke kwenye deni lako, kwenye msiba ambao hukuulilia machozi, kwenye hofu ya kufukuzwa kazi. Usimpeleke kwenye mlango wa bibi wa watu.

Hatua ya sita: siku ya tatu, mpe jembe

Wazee walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnyama anayerudi usiku baada ya usiku naye apewe kazi. Mchana, ukiwa umetulia, iandike ndoto upya kwenye karatasi na ubadilishe mwisho wake: mamba anageuka na kurudi mtoni, au wewe unapata mtumbwi. Irudie kichwani dakika chache kila siku. Wataalamu wa usingizi huitumia njia hii kwa watu wanaosumbuliwa na ndoto za kutisha, na wengi hupata nafuu. Kama ndoto zilianza baada ya ajali, kipigo, vita au kufiwa, jembe hilo ni zito kwa mtu mmoja. Nenda kituo cha afya uonane na mshauri.

Mtoto naye asiachwe. Watoto huota wanyama zaidi kuliko watu wazima. Akija kitandani kwako saa tisa usiku kwa sababu ya nyoka, usimwambie hakuna nyoka. Muulize alikuwa na rangi gani, kisha mwulize mngemfukuzaje mkiwa wawili.

Hatua ya saba: mnyama halisi hana hatia

Bundi anayelia juu ya paa baada ya ndoto mbaya ni mwindaji wa panya, wale wanaokula mahindi yako. Pemba ina bundi mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, na jiwe moja la mtu mwenye hofu ni hasara ya dunia nzima. Kakakuona, ambaye kwa baadhi ya jamii za Tanzania akionekana huwekewa maji, nafaka na silaha ili atabiri mwaka, amewindwa kwa ajili ya magamba yake kiasi kwamba mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuzuia biashara yake ya kimataifa. Mgeni wa ndotoni hapungui akiuawa. Wa porini anapungua.

Hatua ya mwisho: ukiotwa wewe

Siku moja atakuja mtu na kukuambia, kwa sauti ya mashaka, “Nimekuota umekuwa chui.” Usicheke, na usikasirike. Mkaribishe aketi, mwulize analala vipi, ana deni gani, nani anaumwa nyumbani kwake. Ukimpata mnyama wake wa kweli, mzungumzieni huyo. Ukiona maneno yameshasambaa mtaani, nenda mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na wazee wa dini, waseme hadharani kwamba ndoto ya mtu si ushahidi dhidi ya mwenzake. Kauli hiyo ikisemwa mapema huokoa maisha. Ikichelewa, husemwa kaburini.