Kitabu cha Mwanamfalme Chahamia Port Reitz

Nyumba zetu hizi za ukumbi mmoja na vyumba pande mbili hazina siri. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani anakupa pole. Kwa hivyo katika nyumba ya aina hii, hapa Port Reitz, Mombasa, uchawi haujadiliwi kwa sauti, hata ukiwa wa Waingereza.

Wapwa zangu wawili hilo hawalijui. Shule zilipofungwa walinijia na Harry Potter, kitabu cha sita, kile kilichotoka Julai 2005, wakawa hawalali kwa kuzozania kitabu kilichomo ndani ya kitabu. Kwa asiyekisoma: Harry anaazimwa kitabu chakavu cha somo la kupika dawa. Pambizo zimejaa maandishi ya mwenyewe wa zamani, anayejiita Mwanamfalme: hii usiikate, iponde, koroga hivi, si vile. Harry anamfuata huyo, anampuuza mwandishi, anaongoza darasa. Sisi tuliosomea vitabu vya mitumba tunamwelewa mno.

Mwishoni inabainika kuwa Mwanamfalme ni mwalimu Snape. Basi, yakaisha? Wapi! Wako mashabiki wanaoshikilia kwamba ujuzi ule ni wa Lily, mamake Harry, aliyesoma pamoja na Snape na akasifiwa sana na mwalimu wa somo hilo. Snape alinakili tu. Mpwa wangu mdogo yuko kambi hiyo, na ushahidi wake ni kuwa Hermione, rafiki wa Harry, aliuona mwandiko kama wa kike. Mkubwa anasema kitabu kilichapishwa karibu miaka 50 kabla, kwa hivyo kilikuwa cha mamake Snape, Eileen Prince.

Usiku mmoja wakafika penyewe: kitabu kiko wapi sasa? Harry alikificha katika chumba ambacho kiliteketea kwenye kitabu cha saba, cha 2007.

"Kimeungua!" akapaza mkubwa.

"Hakiungui! Kitabu cha uchawi kama kile hakiungui!"

Chumba cha pili, walikokuwa wakitazama mpira, wakazima televisheni.

Kabla mahamri hayajaiva asubuhi, mtaa mzima ulishajua kuwa kwangu kuna kitabu cha dawa cha marehemu bibi mmoja, na kwamba moto haukiwezi. Kwenye baraza ya kahawa, upande wa Chaani, nadharia zikawa zimepangwa kama vikombe. Mmoja alisema kimevuka kutoka Pemba. Wa pili, kibarua wa bandarini, akaapa kuwa kiliteremshwa Kipevu ndani ya kontena lisilo na mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu akawashinda wote: kitabu ni cha Luteni Reitz mwenyewe, yule mwanamaji wa Uingereza aliyeachiwa Mombasa mwaka 1824 na akafa mwaka huohuo kwa homa, jina lake likabaki kwenye ghuba yetu.

"Homa," akaguna mzee mmoja, "au walimpitia?"

Mimi nilinyamaza, maana faida zilianza kuingia. Muuza maji, ambaye hajawahi kunikopesha hata mtungi mmoja, alishusha mitungi mlangoni akasema nitalipa nikijaaliwa. Jirani akarudisha pasi yangu, na juu yake chupa ya chai niliyokwisha kuisahau. Mama mwenye nyumba, ambaye kila mwanzo wa mwezi hunigongea mlango kwa kiganja kizima, safari hii alimtuma mjukuu, naye mjukuu akasimama mbali.

Hatimaye mama akajikaza, akaja mwenyewe na chetezo cha ubani. Kitabu kilikuwa juu ya mkeka, jalada limeshikwa kwa selotepu, kingo zimechafuka kwa chai. Akakifunua kwa ncha ya kidole. Mtu aliyekimiliki kabla yetu alikuwa ameandika pambizoni kwa wino wa kijani: *Ni mamake!*

"Mamake nani?" akauliza mama, mkono ukatetema, kaa likadondoka.

Mkeka niliununua juzi. Ulishika moto ukaacha tundu la upana wa sahani. Kitabu kilichokuwa juu yake kilitoka na masizi kidogo kwenye jalada, kurasa zote nzima.

"Si nilisema, mjomba?" akasema mdogo. "Hakiungui."

Mama alikwishafika barabarani.

Nimewasikiliza mashabiki na nimeisikiliza baraza, na hukumu yangu ni kwamba nadharia zao ni mtu na ndugu yake: wote wakiona mwandiko pambizoni lazima wamtafutie mwenyewe, na aliye hai hawamtaki. Ila ya baraza hukuletea maji ya mkopo. Nawe ukiwa na wapwa wasomaji, waache wabishane mpaka alfajiri, lakini kunja mkeka kwanza.