Sifa za Ruta Iliyogoma Kuwaka

Ruta inayofanya kazi haina haja ya kusifiwa. Hata ilipowekwa hapakumbukwi. Anayestahili heshima ni huyu aliyegoma. Umeme ulikatika katikati ya sasisho, na tangu hapo taa moja inakonyeza, nyingine zimenuna.

Ni mchumi: hali bando. Ni mpatanishi: watoto wamerudi sebuleni, wote wananitazama kwa hasira moja.

Ila fadhila yake kuu ni ukweli. Fungua kifuniko, pembeni mwa ubao pana vitundu vinne mstari mmoja. Unganisha nyaya tatu, wa kupeleka, wa kupokea na wa ethi. Kile cha volti 3.3 kiache. Weka kasi ya 115200 kwenye kompyuta, kisha washa. Aliyedhaniwa marehemu anaanza kuungama, mstari baada ya mstari: prosesa yake, ukubwa wa kumbukumbu yake, anwani alikotafuta programu, na hatimaye, bila kusitiri aibu, kwamba data aliyoikuta ni mbovu na hawezi kuendelea. Hasemi ana "changamoto". Hasemi suala lake liko ngazi za juu. Haundi tume. Wala haombi makubwa: atumiwe faili kwa TFTP, itifaki ya mwaka 1981 isiyouliza hata nywila, naye atainuka.

Faili! Megabaiti chache tu, dogo kuliko kipande cha video ya harusi, na kampuni ya mtandao hailitoi. Ruta nimeinunua kwa pesa yangu, lakini imefungwa isipokee faili lisilo na saini yao, na saini wameikalia wao. Ukipiga simu: zima, subiri, washa. Nimeshazima. "Basi zima tena, mpendwa mteja." Fundi yuko njiani, na njia hiyo sijui inazungukia nchi gani. Bili peke yake ndiyo haijawahi kupotea.

Samahani, nilikuwa katika kusifu. Nasema hivi: ruta ikishindwa, husema imeshindwa, hutaja iliposhindwa, kisha husubiri msaada bila kumtoza mtu. Ndiyo maana naipendekeza, hivyo hivyo ilivyo, ipewe kiti cha huduma kwa wateja. Mtandao hautarudi, lakini angalau tutaambiwa kwa nini.