Saini Hazinunui Msimu wa Tisa

Siku hizi simu yangu haina amani. Mpwa wangu akikasirishwa na tamthilia ya Marekani, mimi ndiye wa kwanza kudaiwa saini ya ombi la mtandaoni. "Mjomba, bonyeza hapo tu, ni bure." Ndiyo, bure: bando langu, barua pepe yangu, na baada ya hapo naletewa maombi ya kuokoa kila kitu chini ya jua.

Hilo neno "bure" ndilo ugonjwa wenyewe. Mwaka 2019 mashabiki wa Game of Thrones waliuchukia msimu wa nane, wakataka urekodiwe upya. Saini zikapita milioni moja na nusu. HBO, wenye tamthilia, hawakurudia hata sekunde moja, na mwaka uleule tamthilia ikabeba Emmy ya tamthilia bora. Wengine hata mlango wa kubisha hawaujui: mwaka huohuo watu zaidi ya 20,000 waliitaka Netflix iifute tamthilia ya Good Omens, ilhali ni ya Amazon. Netflix wakaahidi, kwa utani, kwamba hawatatengeneza nyingine.

Wenye akili hutuma kitu chenye uzito. Televisheni ya CBS ilipoikata tamthilia ya Jericho mwaka 2007, mashabiki walimimina karanga kwenye ofisi zake, takriban tani 20. Hebu mfikirie mhudumu wa mapokezi anayesaini risiti za magunia! Kampuni ikasalimu amri, ikaagiza vipindi saba. Watazamaji walipobaki wachache, ikaikata tena mwaka uliofuata, karanga au la. Na trela ya filamu ya Sonic ilipotoka 2019, yule mnyama ana meno kama ya mwenyekiti wa mtaa, dunia ilicheka mpaka Paramount wakamchora upya na kusogeza filamu hadi Februari 2020. Waliogopa viti vitupu.

Sasa mpwa wangu anamtisha nani? Tamthilia zake zote hununua kibandani, anajaziwa kwenye flashi kwa bei ya chapati mbili. Huko Marekani hakuna daftari lenye jina lake. Hawawezi kuogopa kumpoteza mteja wasiyewahi kumpata. Mwenye kuogopeshwa ni kijana wa kibandani, ambaye wiki jana katuuzia msimu ambao sauti inatangulia picha. Nilipolalamika alinitazama, akatafuna karanga zake, akasema, "Mzee, andika barua."