Yah: Ombi la Kusitisha Ununuzi wa Ram

Barua ya wazi kwa Menejimenti ya taasisi yoyote ya umma yenye seva moja na kamati tatu za kuisimamia

Kosa la OutOfMemoryError katika seva ya Java lina sura kadhaa, na ni baadhi tu zinazotibika kwa kununua ram. Jambo hili linaletwa mbele ya Menejimenti kwa heshima zote, kwa kuwa kila neno "memory" linapojitokeza kwenye logi, Kitengo cha Manunuzi huitwa kabla sentensi haijasomwa hadi mwisho.

Sura ya kwanza hutaja "Java heap space". Hipu ni eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka vitu vyake, na Java isipoelekezwa vinginevyo kwa kawaida hujiwekea ukomo wa robo ya ram yote. Mashine ya GB 64 basi inaweza kulia njaa ikiwa imetumia GB 16 tu, na zabuni ya GB 64 nyingine ikatangazwa siku hiyohiyo. Kinachotakiwa kwanza ni kurekebisha ukomo huo kwa -Xmx, jambo lisilohitaji mzabuni, halafu kuangalia iwapo programu inang'ang'ania vitu ambavyo haivihitaji tena. Sura ya pili ni "GC overhead limit exceeded": mkusanya taka ametumia zaidi ya asilimia 98 ya muda akifanya usafi, na ameokoa chini ya asilimia 2 ya hipu. Hali hiyo Menejimenti itaielewa bila semina elekezi.

Sura ya tatu ndiyo inayokula bajeti. Ujumbe wake husema "unable to create native thread", na hapo hipu inaweza kuwa karibu tupu. Uzi ni mtiririko mmoja wa kazi ndani ya programu. Seva ya wavuti ya Tomcat humpa kila mteja anayehudumiwa uzi wake, na isipobadilishwa huishia nyuzi 200. Katika Linux ya biti 64 kila uzi hutengewa staki ya takriban MB 1, nje ya hipu. Ndiyo maana kuongeza hipu hakuupi uzi mpya nafasi hata chembe. Enzi za mashine za biti 32, ambako mchakato mzima haukuweza kuvuka GB 4 za anwani, aliyeongeza hipu alizidi kuzibana nyuzi. Dawa ndiyo iliyokuwa ikizidisha ugonjwa, na risiti zipo.

Katika mashine za leo anwani zimejaa tele. Kikwazo huwa ni cha kiutawala, na Menejimenti ingetarajiwa kukitambua kwa harufu. Ukomo unaoonyeshwa na ulimit -u unaitwa wa michakato, lakini Linux huhesabu humo nyuzi zote za mtumiaji mmoja, za programu zake zote kwa pamoja. Red Hat Enterprise Linux 6 ilikuja na faili la 90-nproc.conf lililompa mtumiaji wa kawaida 1024. Toleo la 7 likapandisha hadi 4096. Fundi aliyeelekezwa aongeze huandika 65535 ndani ya /etc/security/limits.conf, huwasha seva upya, na kosa hurudi palepale. Faili hilo husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo kwa jina lake. Huduma inayoanzishwa na systemd haiingii kwa mlango huo. Mipaka yake huwekwa kwa LimitNPROC na TasksMax katika faili la huduma yenyewe. Waraka ulitoka, ulisainiwa, ukapelekwa ofisi isiyohusika. Ukweli wa mchakato unaoendelea umo ndani ya /proc, chini ya namba yake: faili la limits huonyesha mipaka ambayo mchakato umepewa kweli, na mstari wa Threads katika faili la status huonyesha umefikia nyuzi ngapi. TasksMax na kontena huwa na kikomo chao, pids.max, ambacho hakimo katika faili la limits na hakijali limits.conf inasema nini.

Kabla ya kupandisha kikomo chochote, hesabu ndogo inahitajika. Ombi likichukua sekunde 0.2, nyuzi 200 huhudumia maombi 1,000 kwa sekunde. Swali moja la kanzidata likipoteza faharasa yake na kuanza kuchukua sekunde 10, nyuzi zilezile huhudumia 20. Hakuna ram iliyopungua. Kupandisha nyuzi hadi 2,000 wakati hodhi la miunganisho ya kanzidata la HikariCP limebaki na 10, ambayo ndiyo idadi yake ya kawaida, ni kuongeza viti vya kusubiria mbele ya dirisha moja la keshia. Jstack, zana inayoonyesha kila uzi unafanya nini, hulifichua hilo kwa dakika chache: nyuzi karibu zote zimesimama kwenye mstari mmoja wa msimbo, zikingoja muunganisho. Idadi ikipanda bila kushuka hata usiku, wakati hakuna mteja, kuna msimbo unaotengeneza kundi jipya la nyuzi kwa kila ombi na hauzifungi. Huo hauna kikomo kitakachoutosha.

Nyuzi pepe za Java 21, iliyotoka Septemba 2023, huondoa sehemu kubwa ya mzigo wa nyuzi za mfumo endeshi. PostgreSQL, isipobadilishwa, bado hupokea miunganisho 100 na si zaidi, kwa hiyo foleni itahamia huko. Kamati ya Tathmini isitenge fungu la sherehe mapema.

Kuhusu utaratibu wa kuwasha seva upya kila alfajiri: hufuta nyuzi, hipu na ushahidi kwa pamoja. Menejimenti inaombwa, kabla ya kuidhinisha tena ratiba hiyo, kuruhusu jstack iendeshwe mara tatu kwa kupishana sekunde 10, na -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError iwekwe pamoja na nafasi ya diski inayolingana na hipu. Posho ya kikao haihitajiki.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Manunuzi, kwa taarifa tu.