Diwani Kagoma Kula

Nyumbani kwetu Kigamboni paka akikataa samaki, kikao huitishwa. Tena huyu alikuwa Diwani, jina alilopewa na mtaa wenyewe kwa sababu kila asubuhi hupita nyumba hadi nyumba, hupokea vichwa vya dagaa, kisha hurudi kulala asitekeleze lolote. Aliingia humu ndani mwaka ambao binti yetu alianza chekechea. Leo binti yuko chuo, na Diwani uti wa mgongo unahesabika.

Mume wangu alisema ameshakula kwa jirani. Kitinda mimba alisema ana huzuni. Mama mkwe, mwenyekiti wa kudumu wa vikao vyote, alisema ni kudeka. Diwani mwenyewe alikuwa ameliinamia bakuli la maji, miguu kaikunjia chini ya tumbo, pua inakaribia kulowa, na hanywi. Mara kwa mara alijilamba midomo na kumeza mate. Ukimsogezea sahani alinyanyuka, akanusa, akageuza shingo, kisha akaanza kukwangua sakafu pembeni yake, yaani anakizika chakula.

"Kiburi hicho!" mama mkwe akang'aka. "Changu wa Feri, wa leo leo, ana tui lake, ndio anazikwa?"

Hilo tui lilikuwa na kitunguu maji na kitunguu thaumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Nilipomweleza, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kitunguu thaumu ni dawa." Ni dawa ya presha yako, mama, nikamjibu, lakini kimoyomoyo, maana mama mkwe hajibiwi kwa sauti.

Wakati huo mume wangu, kwa roho safi kabisa, alikuwa ameshavunja Panadol nusu amsaidie mgonjwa. Nilimdaka mkono. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Baba watoto alikitazama kile kidonge kwa muda, akatia nusu zote mbili mdomoni mwake na kusema mjadala huu umeshampa kichwa.

Daktari wa mifugo tunayemwamini yuko ng'ambo, kwa hiyo ilibidi tupande pantoni. Nilimtia Diwani katika kapu la ukili, nikalifunga kwa kanga niliyoinunua mahususi kwa ajili ya jirani mmoja mwenye mdomo, neno lake likielekea nje. Abiria wakauliza kama nimebeba kuku. Udenda ulimtoka njia nzima. Tuliposhuka upande wa pili upepo ukatuletea harufu ya soko la samaki, ile ambayo paka yeyote wa Dar es Salaam angeweza kuhamia kwa ajili yake. Diwani aliinua pua, akafumbua mdomo, akatapika povu la manjano juu ya lile fumbo. Hapo nilijua kudeka hakuhusiki.

Daktari ni kijana aliyesomea Sokoine, Morogoro, na wateja wake wengi ni mbwa wa ulinzi na kuku wa mayai. Alimminya Diwani figo, akamtoa damu, na majibu yalipotoka akasema zimechoka wala hazitarudi zilivyokuwa. "Huyu hana kiburi, mama. Roho inamchefuka kutwa." Taka zilizotakiwa kutoka na mkojo zimebaki kwenye damu, na ndani ya ubongo kuna sehemu ambayo kazi yake ni kuionja damu hiyo. Ikikuta taka, inaamrisha tumbo litapike hata kama halina kitu. Hivyo aliagiza maropitanti, dawa ya wanyama, inayolizima agizo hilo, na akaweka pembeni ondansetroni, ile wanayopewa wagonjwa wa saratani hospitalini, endapo ya kwanza haitatosha. Haikutosha.

Alinikataza jambo moja kwa ukali: nisimlishe kwa nguvu kichefuchefu kikiwa bado kipo. Paka aliyeshindiliwa chakula huku roho inamchefuka hukihusisha chakula kile na mateso yake, na atakichukia hata akipata nafuu. Wakati huohuo paka hawezi kufunga siku nyingi, kwani mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba. Basi tulituliza kichefuchefu kwanza, ndipo tukaitafuta hamu ya kula.

Hamu ya kula inaitwa mirtazapini. Ni dawa ya watu wenye sonona, na paka huipata kwa kipande kidogo mno: sehemu moja ya nane ya kidonge cha miligramu 15, tena siku moja ndani, moja nje. Mume wangu alijitolea kukata. Alichukua wembe mpya, akavaa miwani, akakiweka kidonge juu ya kitako cha kikombe. Nusu ilikatika vizuri na robo ikatoka kwa shida. Ile ya nane iliruka, ikaokotwa chini ya friji, ikalinganishwa na wenzake, na katika kulinganisha huko hesabu ikapotea.

Usiku ule Diwani alihutubia. Alianza saa nne sebuleni, akaenda jikoni, akarudi ukumbini, sauti imejaa, hapumui. Dawa hiyo ikizidi humfanya paka asitulie na apige kelele. Jirani wa kanga akatuma ujumbe kuuliza kama uchaguzi umewahishwa. Alfajiri daktari, usingizi ukiwa bado umemjaa, alisema kipande kilikuwa kikubwa, tumwache itoke yenyewe na asipewe nyingine mpaka atakapotuambia. Kazi ya wembe ikahamishiwa kwa binti, anayesomea uhasibu.

Diwani akaanza kula, kidogo kidogo, chakula kilichopashwa moto hadi kunukia. Dagaa wakapigwa marufuku, kwani mifupa yao imejaa fosforasi na figo mbovu haziiwezi. Mama mkwe alihuzunika kuliko paka. "Paka wa zamani hawakuwa na figo," alisema.

Dripu ndiyo iliyotugawa. Daktari alinifundisha kumwingizia maji ya Ringa chini ya ngozi, mililita 100 kwa wakati, ili damu isizidi kukolea taka. Chupa inataka kuning'inia juu, na sebule yetu ina msumari mmoja tu imara, uliobeba picha yetu ya harusi. Picha ikashushwa. Mume wangu alinuna, kisha akawa ndiye anayepasha chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa hoja kwamba hata yeye asingependa kumiminiwa baridi. Mimi huvuta ngozi ya mabega ikasimama hema, sindano ikapenya kwenye mkunjo, maji yakashuka. Diwani huota nundu, nayo huteremka taratibu mpaka kwenye mguu wa mbele, naye huiburuta jikoni bila aibu.

Ndipo tukagundua kwamba kichefuchefu kilikuwa kimeyafunika maumivu. Sasa anakula, lakini dirishani hapandi tena. Alikojoa pembeni ya beseni lake la mchanga, na mama mkwe akarudia neno kiburi. Daktari alimkunja nyonga kidogo tu, Diwani akaunguruma. Viungo vimelika, na ukingo wa lile beseni ulikuwa mrefu kwa mguu unaouma. Dawa nyingi za uvimbe huziumiza figo, hivyo tukapewa gabapentini kwa dozi ndogo, kwani hiyo nayo hutolewa na figo hizohizo. Siku za mwanzo alitembea kama mzee aliyetoka kilabu cha mnazi. Beseni tukalikata ukingo kwa msumeno wa fundi.

Utajuaje paka anaumwa, naye maumivu ndiyo siri yake kubwa? Binti alituonyesha kwenye simu kipimo kilichochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada. Unatazama masikio, macho, mkazo wa pua na mdomo, masharubu na namna kichwa kilivyokaa, kila kimoja unakipa 0 hadi 2. Daktari alitahadharisha kwamba kilitungwa kwa maumivu makali ya ghafla, si haya ya uzee, ila kwa kutuzoeza macho kinafaa. Mimi nilitoa alama, binti akatoa, hazikulingana. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, alimtupia Diwani jicho moja. "Masikio yamelala pembeni, jicho kalifinya, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Huyo anaumwa, mpeni dawa." Tangu hapo yeye ndiye mtoa alama, na hajagusa simu.

Vidonge vyake vya presha na vipande vya Diwani vikaanza kukaa kwenye kisosi kimoja, kwa ratiba yake yeye. Asubuhi moja ondansetroni ya paka haikuonekana. Alipoulizwa alifikiri kidogo, akasema kumbe ndiyo maana leo chai imeshuka vizuri. Siku hiyohiyo nilinunua visosi viwili, kimoja nikakichora masharubu kwa rangi ya kucha.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi Tanga. Nguo zilishashonwa, tiketi za basi zilishakatwa, na usiku wa kufungasha mama mkwe akampigia mdogo wake simu kwamba haji. Kuna mgonjwa ndani, ana dripu Jumamosi, na hawa vijana huwezi kuwaachia. Upande wa pili ukasikika ukiomba dua. Baada ya muda simu ikalia tena: pesa ya pole imeingia, mgonjwa anunuliwe matunda.

"Mama," mume wangu akamwambia, "mama mdogo si anadhani ni mtu?"

"Aliuliza?" Akakunja kanga yake kiunoni, akasoma kiasi kwenye simu kwa kuisogeza mbali na macho, akaniita. Kesho nipitie kwa muuza kuku, kidari kitupu, kichemshwe bila kitunguu.